Unga Mikononi

Siku ya kwanza nilimpigia kelele,
kama ninavyowapigia wote,
maana kinu kikishawaka hapa Luanda sokoni
hata jina lako mwenyewe hulisikii.
Ayuma akanitazama mdomo, akanitazama macho,
akaokota ufagio, akauliza kwa nyusi tu:
hiki?

Hicho. Ndiyo, hicho.

Basi tulianza na kufagia.
Ngumi moja juu ya nyingine, uivute hewa kuja kwako.
Nikaivuta. Akatikisa kichwa: wewe unapiga kasia.
Wateja wakacheka. Kicheko sikukisikia,
niliona meno.

Jumanne, kula.
Vidole vitano vikusanyike, vifike kinywani, virudi.
Hiyo niliijua kabla sijaota jino.
Kunywa: shika kikombe kisichokuwapo.
Mimi nikashika kwa mikono miwili,
akanichapa kifundo, taratibu, na unga wake:
huo ni uji, mzee. Nimesema maji.

Kufua ilinishinda wiki nzima.
Kila nikifua, yeye anaona kusaga.
Akanionyesha kola ya shati langu,
akanionyesha mdomo wa kinu,
akangoja nichague.

Akanifundisha pia kwamba swali hukaa usoni.
Mikono ikihangaika na uso umelala
hujauliza kitu, umepunga nzi.
Nikaanza kufanya mazoezi ya nyusi
mbele ya kioo cha pikipiki ya watu.

Mama Omusula alileta gorogoro tatu za wimbi na muhogo,
akazozana nami shilingi kumi mpaka mate yakamkauka.
Akamgeukia Ayuma. Vidole viwili, kimoja, kiganja wazi.
Wakamaliza.
Mimi bado nilikuwa nasema, “Eti nini?”

Watu wanasema nina moyo,
mzee mzima kujifunza lugha ya mfanyakazi wake.
Sijawakanusha.
Sijawaambia habari ya Kisumu,
kijichumba kisicho na dirisha,
vidude vya plastiki masikioni,
na kitufe: bonyeza ukisikia.
Nilikaa nimekishika kama mtu anayesubiri simu.
Nilibonyeza mara nne.
Daktari aliandika kwa muda mrefu kuliko mara nne.

Miaka thelathini na mmoja ya mahindi ya watu.
Niliyakinga kwa debe, nikayapima kwa mizani,
sikujua na mimi nimo ndani ya faneli,
nateremka punje kwa punje.

Nerea naye sijamwambia.
Nimemwambia ya Ayuma: leo tumejifunza kuoga,
leo kuamka, leo kufunga mlango.
Aliniuliza kitu kutoka jikoni, nadhani aliuliza,
maana nilipoingia alikuwa amesimama
kama mtu aliyeuliza zaidi ya mara moja.

Halafu mchana mmoja akaniletea viazi kinuni
na hakuondoka.
Alisimama nyuma ya magunia, kitenge kimejaa vumbi.
Nikadhani anangoja unga.

Jana usiku stima ikapotea kuanzia barabarani hadi kwetu.
Giza ni baya kwa lugha hii; giza ndilo kelele yake.
Nilikuwa kitandani, viatu miguuni, sijui saa ngapi,
nikaona mwanga unakuja ukutani.

Alikuwa mlangoni.
Koroboi mkono wa kushoto, kaiinua ili imwangaze usoni.
Mkono wa kulia akakusanya vidole, vyote vitano,
akavipeleka kinywani,
vikapotea njia, vikaishia shavuni,
katikati ya kula na kulala.
Akajaribu tena. Vikapotea tena.
Lakini nyusi zilikuwa juu, sawasawa kabisa,
Ayuma mwenyewe asingezipandisha vizuri hivyo.

Nilitaka kumuuliza: umejuaje, na tangu lini?
Hilo hatujafika. Labda Ijumaa.
Nikainuka, nikaenda kunawa mikono,
ile kunawa ya kweli, yenye maji.